Kitabu, Kanda na Mabano: Historia ya MARC na XML

Mwaka 1969 Oxford University Press ilichapisha Mabepari wa Venisi, tamthilia ya Shakespeare katika Kiswahili cha Julius Nyerere. Kitabu cha namna hiyo humpa mkutubi kazi kabla hakijafika rafuni. Mtunzi awe nani: Mwingereza aliyefariki mwaka 1616, au Rais wa Tanzania aliyekuwa madarakani wakati kitabu kinatoka? Anayeitafuta tamthilia kwa jina lake la Kiingereza ataifikiaje, ikiwa jalada linasema vingine? Lugha ni Kiswahili, lakini nyuma ya Kiswahili kuna Kiingereza, na msomaji ana haki ya kulijua hilo hata kabla hajakigusa kitabu. Majibu ya maswali haya ndiyo metadata. Ni maelezo yanayokaa nje ya kitabu na kukitambulisha kwa asiyekiona.

Mwezi Machi mwaka huohuo, Maktaba ya Bunge la Marekani mjini Washington ilianza kuzigawia maktaba nyingine kanda za sumaku zilizobeba maelezo ya aina hiyo, yakiwa yamepangwa katika muundo uitwao MARC, yaani katalogi inayosomeka na mashine. Na mwaka huohuo tena, katika kituo cha utafiti cha IBM mjini Cambridge, jimbo la Massachusetts, Charles Goldfarb, Edward Mosher na Raymond Lorie walikuwa wakibuni njia ya kuyatia maandishi alama ili kompyuta ijue kila kipande cha andiko ni kitu gani. Njia hiyo iliitwa GML, herufi za kwanza za majina yao ya ukoo, na ndiyo babu wa XML tunayoijua leo.

Mambo haya mawili yalikua kila moja kwa njia yake kwa karibu miaka 30. Yalipokutana, wengi walidhani XML imekuja kuizika MARC. Haikuizika, na sababu ya kutoizika ndiyo inayonifanya niisimulie historia hii, kwa kuwa inafichua jambo ambalo wajenzi wa mifumo hulisahau kila kizazi: kukubaliana namna ya kuandika ni kazi moja, kukubaliana juu ya kinachomaanishwa ni kazi nyingine, na ya pili ndiyo nzito.

Kabla ya kompyuta, makubaliano hayo yalikaa kwenye kadi. Tangu mwaka 1901 Maktaba ya Bunge iliuza kadi zake zilizochapishwa kwa maktaba yoyote iliyozitaka, kila kadi ikiwa na upana wa inchi 5 na kimo cha inchi 3. Maktaba ndogo haikuwa na sababu ya kuorodhesha upya kitabu ambacho Washington ilikwisha kukiorodhesha. Ilinunua kadi ikaipachika kwenye droo. Utaratibu huu ulifundisha nchi nzima, na baadaye sehemu kubwa ya dunia, kukieleza kitabu kwa mpangilio mmoja: jina la mtunzi hapa, jina la kitabu pale, maelezo ya nani aliyekiandika, kisha mji, mchapishaji, mwaka, na alama za kuvitenganisha. Jicho la mkutubi lilisoma nafasi na alama hizo bila kuambiwa.

Mashine haina jicho la mkutubi. Mwaka 1963 ripoti iliyoongozwa na Gilbert King ilisema kwamba kazi za Maktaba ya Bunge zingeweza kuhamishiwa kwenye kompyuta. Kusema hivyo kulikuwa rahisi. Aliyepewa mzigo wa kulitenda alikuwa Henriette Avram, aliyeajiriwa hapo mwezi Machi 1965.

Avram hakuwa mkutubi. Alizaliwa New York mwaka 1919, akasoma Hunter College masomo ya kumwandaa kwa udaktari wa tiba, na mwaka 1952 akaingia katika shirika la usalama wa taifa la Marekani, NSA, ambako alikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kuandika programu za kompyuta ya IBM 701. Alipofika maktaba, alilazimika kujifunza uorodheshaji tangu alifu. Nadhani ugeni wake ulikuwa faida. Mtu aliyelelewa ndani ya katalogi huona kadi kama kitu kimoja kilichokamilika. Yeye ilimbidi aulize kila alama iliyomo inafanya kazi gani. Nukta hii inatenganisha nini na nini? Neno hili ni sehemu ya jina, au ni maelezo ya anayeorodhesha? Tarehe hii ni ya kuzaliwa mtunzi au ya kuchapwa kitabu? Kompyuta haikisii, na kwa hiyo kila kilichokuwa kikijulikana kimyakimya ilibidi kitamkwe.

Jaribio la kwanza lilianza Januari 1966 na kwenda hadi Juni 1968. Maktaba 16 zilipokea kanda kila wiki kutoka Washington, zenye rekodi za vitabu vya Kiingereza peke yake, na hadi mwisho zilikuwa zimesambazwa rekodi zipatazo 50,000. Mwaka huohuo wa 1966 Maktaba ya Bunge ilifungua ofisi Nairobi, yenye kazi ya kununua na kuorodhesha machapisho ya ukanda wetu. Tangu 1968 ofisi hiyo ikawa inatoa orodha iliyochapishwa ya vitabu, magazeti na nyaraka za serikali ilizozipata Afrika Mashariki. Kwa hiyo vitabu vya Kiswahili vilikuwa vikikusanywa na kuorodheshwa kwa kadi na karatasi wakati kanda bado zilizungumza Kiingereza tu. Lugha nyingine ziliingizwa hatua kwa hatua katika miaka ya 1970.

Kutokana na jaribio hilo ulizaliwa muundo wa pili, MARC II, uliotangazwa 1968. Inafaa tuutazame kwa karibu, maana ubora wake na mipaka yake ndiyo iliyoamua yote yaliyofuata.

Rekodi ya MARC ni mfululizo mmoja wa herufi usio na mistari. Herufi 24 za mwanzo humweleza msomaji, yaani mashine, urefu wa rekodi nzima na mahali data inapoanzia. Baada yake huja saraka, ambayo kila kipengele chake kina tarakimu 12: tatu ni namba ya uga, yaani sehemu moja ya maelezo, nne ni urefu wake, tano ni mahali unapoanzia. Kisha nyuga zenyewe, zikitenganishwa na alama zisizoonekana kwenye karatasi. Muundo huu ulifikiriwa kwa ajili ya kanda ya sumaku, inayosomwa kutoka mwanzo kwenda mwisho, na katika kompyuta zenye kumbukumbu finyu. Mashine ilipojua kwamba jina la kitabu lina herufi kadhaa na linaanzia nafasi fulani, iliweza kulifikia moja kwa moja bila kupekua kila kilicho kabla yake. Bei ya werevu huo ni mipaka: tarakimu nne za urefu zina maana uga hauwezi kuzidi baiti 9,999, na tarakimu tano za rekodi nzima zina maana rekodi haiwezi kuzidi 99,999. Mwaka 1968 nani angefikiri kwamba hilo halitoshi?

Sasa tukiweke Mabepari wa Venisi humo. Uga 100 unambeba Shakespeare, pamoja na miaka yake 1564 na 1616, ili asichanganywe na mwingine. Uga 245 unabeba jina lililo kwenye kitabu. Uga 240 unabeba jina la asili la tamthilia na kuonyesha kwamba hii ni sura yake ya Kiswahili, hivyo anayeitafuta kwa Kiingereza anaikuta pamoja na ndugu zake wote. Nyerere yuko kwenye uga 700, akitajwa kuwa mfasiri. Katika uga 008, nafasi za 35 hadi 37, zimekaa herufi tatu za lugha: swa. Na uga 041 unakamilisha habari: kiashiria cha kwanza kinasema hii ni tafsiri, kisehemu a kinasema lugha ya andiko ni swa, kisehemu h kinasema lugha ya asili ni eng. Hapo mashine inaweza kuulizwa ni maandiko gani ya Shakespeare yaliyomo katika Kiswahili, nayo ikajibu bila mtu kufungua jalada hata moja.

Kuna jambo dogo katika uga 245 ambalo hunipendeza kila nikilitazama. Kiashiria chake cha pili ni idadi ya herufi za kurukwa wakati wa kupanga majina kwa alfabeti. Kitabu cha Kiingereza kinachoanza na kijineno cha kubainisha hupewa 4, ili kipangwe kwa neno la maana linalofuata. Kiswahili hakina vijineno hivyo, na kwa hiyo majina ya vitabu vyetu hupewa sifuri.

Aliyeelewa hadi hapo ameona kwamba MARC ni vitu vitatu vilivyofungwa pamoja. Kipo chombo, yaani saraka na alama za kutenganisha. Ipo misimbo, kwamba 245 ni jina la kitabu na 700 ni mtu mwingine aliyehusika. Na zipo kanuni za kile kinachoandikwa ndani, zilizotungwa na wakutubi wenyewe, zikachapishwa kwa pamoja na Wamarekani, Wakanada na Waingereza mwaka 1967 na kufanyiwa marekebisho makubwa mwaka 1978. Chombo pekee ndicho kilichokuwa cha kompyuta. Misimbo na kanuni vilikuwa makubaliano ya watu.

Ushahidi wa hilo ulionekana mapema. Chombo kilikuwa kiwango cha taifa Marekani mwaka 1971, na mwaka 1973 kikawa kiwango cha kimataifa, ISO 2709. Dunia ingeweza kudhani kwamba sasa katalogi zote zitaelewana. Badala yake kila nchi ilikichukua chombo ikakijaza misimbo yake: Uingereza na UKMARC, Kanada na CAN/MARC, Ufaransa na INTERMARC. Mwaka 1977 shirikisho la kimataifa la maktaba, IFLA, lilitoa UNIMARC ili iwe daraja kati ya hizo zote, na humo jina la kitabu halikai 245 bali 200, na lugha iko 101. Kompyuta iliyojua kufungua ISO 2709 ingeifungua rekodi ya nchi yoyote bila kosa lolote, halafu ikachukua namba ya uga mmoja ikaiona ni ya mwingine. Chombo kilikuwa kimoja. Maana zilikuwa nyingi. Kanada na Marekani ziliunganisha zao mwaka 1999 chini ya jina MARC 21, na Maktaba ya Uingereza ikajiunga 2004. Miaka zaidi ya 30 ilihitajika kwa nchi tatu zinazosema lugha moja kukubaliana juu ya namba.

Turudi Cambridge ya Massachusetts. Goldfarb alikuwa mwanasheria aliyeingia katika kompyuta, na tatizo alilopewa yeye na wenzake lilikuwa la ofisi za wanasheria: programu moja ya kuhariri maandishi, nyingine ya kuyatafuta, nyingine ya kuyachapa, na kila moja inatarajia alama zake. Wachapaji wa wakati huo waliweka ndani ya andiko amri kama vile ruka mstari au nenepesha herufi. Wazo la GML lilikuwa kuiondoa amri na kuweka jina. Usiseme herufi hizi ziwe nene. Sema hiki ni kichwa cha habari. Anayechapa atainenepesha, anayetafuta ataipa uzito, na andiko lenyewe halitabadilika.

Mtu aliyesoma habari za Avram ataona undugu hapo. Yeye pia alikuwa amekataa kuitegemea nafasi ya maneno kwenye kadi, akataka kila kipande kitajwe kwa kile kilicho. Tofauti ni kwamba MARC ilikuja na orodha yake ya majina tayari, iliyokusudiwa kwa vitabu na vitu vya maktaba tu. GML, na hasa mrithi wake SGML uliokuwa kiwango cha kimataifa mwaka 1986, haikuja na jina hata moja. SGML ni lugha ya kutungia lugha: inafundisha namna ya kutangaza majina, namna ya kuyapachika kwenye andiko na namna ya kukagua kama yamepachikwa sawasawa. Majina yenyewe unayaleta wewe. Wachapishaji wa kamusi kubwa ya Oxford walileta ya kwao, ya kichwa cha neno, asili yake na mifano ya matumizi. Wasomi wa fasihi waliokutana Poughkeepsie, New York, mwaka 1987 walileta ya kwao, ya beti, mishororo na sura za miswada, kazi inayojulikana kwa kifupi TEI. Tim Berners-Lee pale CERN alileta machache sana, na hayo yakawa HTML.

SGML ilikuwa nzito. Ilikuwa na njia za mkato nyingi kiasi kwamba kuandika programu ya kuisoma yote ilikuwa kazi ya miaka. Mwaka 1996 kundi lililoongozwa na Jon Bosak wa Sun Microsystems lilianza kuipunguza ili iweze kupita kwenye mtandao. Wahariri wake walikuwa Tim Bray, aliyewahi kufanya kazi katika mradi wa kuihamishia kamusi ya Oxford kwenye kompyuta, na Michael Sperberg-McQueen wa TEI, kisha Jean Paoli wa Microsoft. Tarehe 10 Februari 1998 shirika la viwango vya mtandao, W3C, lilitangaza XML 1.0. Kati ya malengo kumi waliyoyaandika, la mwisho lilisema kwamba ufupi wa alama hauna uzito mkubwa. Hapo utaona umbali uliokuwa umesafiriwa tangu kanda za 1968, ambako kila baiti ilihesabiwa.

XML ilileta jambo moja linalotuhusu moja kwa moja. Kila elementi, yaani kipande cha andiko kilichopewa jina ndani ya mabano, inaweza kupewa sifa inayotaja lugha ya maandishi yaliyomo, na ya Kiswahili ni sw. Herufi mbili, si tatu. Mtu anaweza kusema ni tofauti ya herufi moja, lakini ndani yake kuna historia mbili. Misimbo ya herufi tatu ilitoka maktaba. Orodha ya MARC ndiyo iliyokuwa msingi wa kiwango cha kimataifa cha 1998. Misimbo ya herufi mbili ilikuwa na njia yake tangu awali, na watu wa mtandao wakaishika hiyo. Lakini kubwa zaidi ni kile sifa hiyo inachoweza na kisichoweza kusema. Ukiipa Mabepari wa Venisi lebo ya sw, umeiambia mashine kwamba maneno haya ni ya Kiswahili. Kwamba yametafsiriwa, kwamba yametoka Kiingereza, kwamba mfasiri ni Nyerere, XML haina pa kuyaweka mpaka mtu akae chini atunge mahali hapo na wenzake wakubali. Sisemi hivyo kuilaumu. Iliumbwa iwe hivyo, na katika uwazi wake ndimo nguvu yake ilimo.

Mkutano wenyewe wa MARC na familia hii ya lugha ulifanyika Maktaba ya Bunge, mara mbili, na kwa namna mbili tofauti kabisa.

Mara ya kwanza, katikati ya miaka ya 1990, walijaribu kuihamisha MARC kwenye SGML kwa kuifanya kila namba ya uga na kila kisehemu kuwa elementi yenye jina lake. Lilionekana ni jambo la haki: kama lugha hii inajua kukagua, basi na ikague kila kanuni ya MARC. Tokeo lilikuwa hati kubwa mno ya maelezo, yenye maelfu ya mistari, iliyohitaji kuguswa kila mara wakutubi walipoongeza uga mmoja. Walikuwa wamejaribu kuyahamishia makubaliano yote ndani ya lugha.

Mara ya pili, mwaka 2002, ofisi yao ya viwango vya MARC ilitoa MARCXML. Hii ina elementi sita tu: mkusanyiko, rekodi, kiongozi, uga wa udhibiti, uga wa data na kisehemu. Namba 245 haikufanywa elementi. Ilikuwa sifa tu ndani ya uga wa data, kama vile viashiria viwili na herufi ya kisehemu. Skima nzima, yaani hati ya kanuni zake, ni fupi, na wakutubi wanaweza kuongeza nyuga watakavyo bila kuigusa. Rekodi ikiingia na kutoka haipotezi hata nukta moja. MARC ilivua kanzu ikavaa suruali, mwili ukabaki uleule.

Kwa maoni yangu huo ndio uamuzi bora kabisa katika historia hii yote, ingawa haukusifiwa. Waliotarajia mapinduzi waliona namba zilezile zikiwatazama kutoka katikati ya mabano, wakavunjika moyo. Mwezi Oktoba mwaka huohuo wa 2002, Roy Tennant aliandika katika Library Journal makala yenye kichwa kinachosema MARC lazima ife, akitaka maktaba zihamie muundo unaotumia XML. Katika jambo moja alikuwa na haki kamili: nje ya maktaba hakuna aliyekuwa akiisoma ISO 2709, na wakutubi walikuwa wamejenga hazina kubwa ya maelezo nyuma ya mlango ambao dunia haikuwa na ufunguo wake. Lakini mlango huo ulikuwa chombo, na chombo ndicho MARCXML ilichokibadilisha. Yaliyobaki kuwa magumu, yaani namba, viashiria na mkwaju unaotangulia maelezo ya nani aliyekiandika kitabu, ambao katika rekodi nyingi bado unakaa mwishoni mwa kisehemu cha jina la kitabu, hayakuwa na uhusiano na mabano. Ukiuondoa mkwaju huo kwa XML, hujaielewa XML. Mkwaju unaondolewa na kamati ya wakutubi.

Faida za vazi jipya hazikuwa ndogo. Mipaka ya 9,999 na 99,999 ilitoweka, maana XML haihesabu urefu bali hufungua na kufunga. Maandishi ya Unicode yaliingia bila hila, jambo kubwa kwa maktaba zenye miswada ya hati za Kiarabu, na ya Kiswahili ikiwemo. Na kila mwandishi wa programu aliyewahi kusoma XML aliweza sasa kuisoma katalogi bila kwanza kufundishwa saraka ya tarakimu 12. Koha, programu huria ya maktaba iliyoanza kutumika New Zealand mwaka 2000 na ambayo leo inaendesha maktaba nyingi za vyuo Afrika Mashariki, huhifadhi rekodi zake katika MARCXML ndani ya hifadhidata. Mkutubi wa chuo anayevuta rekodi kutoka Washington ili asianze upya anaweza kabisa kuwa anavuta maelezo ya kitabu kilichonunuliwa Nairobi na kuorodheshwa hapohapo Nairobi.

XML ilirahisisha pia ubadilishaji kutoka muundo mmoja kwenda mwingine, na hapa ndipo somo la namba 245 na 200 lilipojirudia. Mwaka 1995 watu wa maktaba na wa mtandao walikutana Dublin, mji ulioko Ohio, wakatunga orodha fupi ya maelezo ambayo mtu yeyote angeweza kuyajaza. Ilikuja kutulia kwenye elementi 15 na kuitwa Dublin Core. Itifaki ya kukusanyia metadata kutoka hifadhi mbalimbali, OAI-PMH, iliyotoka mwaka 2001, ilizitaka hifadhi zote zinazoshiriki zitoe angalau Dublin Core katika XML, na hifadhi za kidijitali za vyuo vikuu, kama zile za Nairobi na Makerere, zinazungumza hivyo hadi leo. Mpitishe sasa Nyerere katika mlango huo. Dublin Core ya msingi ina muumbaji na ina mchangiaji, haina mfasiri. Katika kubadilisha, yeye na Shakespeare wanaweza kuangukia elementi moja kama watu wawili walioketi kuandika pamoja. Lugha itabaki swa, ile eng ya asili haina kisehemu chake. Na hati ya XML itakayotoka itakuwa safi, kila bano limefungwa, mkaguzi wa skima hana neno. Imekamilika kimaandishi, na imemsahau mtu aliyefanya kazi.

Ndiyo maana naona ni kosa kusema kwamba XML ni metadata, au kwamba shirika limeshamaliza suala la metadata kwa kuwa linatumia XML. Nimelisikia likisemwa kwa kujiamini mikutanoni, na kila mara waliolipa ni wale wasomaji ambao baadaye hawakukipata walichokitafuta.

Kizazi kilichofuata kilipitia njia ileile. Mwaka 1999 W3C ilitoa RDF, namna ya kueleza vitu kwa sentensi fupi za kitu, uhusiano na kitu kingine. Ilitangazwa ikiwa imeandikwa kwa XML, na kwa muda mrefu watu waliichukua RDF kuwa aina ya XML, tena aina yenye sura ngumu. Mwaka 2014 zilipopitishwa rasmi namna nyingine za kuiandika, Turtle na JSON-LD, ilidhihirika kwamba mabano hayakuwa RDF. Sentensi ni ileile kwa hati yoyote. Maktaba ya Bunge ilikuwa imekwisha kuanza safari hiyo: mwaka 2012 ilitoa rasimu ya BIBFRAME, mfano wa maelezo ya vitabu uliokusudiwa kuichukua nafasi ya MARC, unaotenganisha kazi ya mtunzi na kitabu kilichochapwa. Humo tafsiri si kisehemu h ndani ya uga 041; ni uhusiano wenye jina lake kati ya kazi mbili, moja ya Kiingereza na moja ya Kiswahili, kila moja ikiwa na anwani yake kwenye mtandao. Hata misimbo ya lugha ilipewa anwani, swa ya maktaba na sw ya mtandao kila moja mahali pake, ili mashine iweze kuelezwa kwamba ni lugha moja.

Kadi zilitangulia kuondoka. Maktaba ya Bunge iliacha kuziuza mwaka 1997, na OCLC, shirika la Ohio lililoanza uorodheshaji wa pamoja kwa kompyuta tarehe 26 Agosti 1971, lilichapa za mwisho tarehe 1 Oktoba 2015. Avram alifariki mwaka 2006 bila kuuona mwisho wa muundo wake, na haujafika hadi sasa. Mwaka 2017 kamati inayousimamia iliongeza kisehemu kipya, namba 1, cha kubebea anwani ya kitu chenyewe kinachotajwa katika uga. Leo anwani ya Nyerere katika ulimwengu wa RDF inaweza kuandikwa ndani ya uga 700, na rekodi hiyo ikasafirishwa ama katika mabano ya MARCXML, ama katika saraka ileile ya tarakimu 12 iliyobuniwa kwa ajili ya kanda.